Mzee Malecela Hakudhalilishwa Mtera

Juzi, katika msiba mmoja hapa Dodoma, mzee mwenye heshima zake alirudia ile lawama ambayo haiishi: kwamba sisi Wagogo tulimdhalilisha John Malecela mwaka 2010, alipokuwa mbunge wa Mtera na chama chake, CCM, kikampitisha mtu mwingine kugombea kiti hicho. Nilinyamaza kwa adabu ya msiba, lakini hapa silazimiki kunyamaza.

Waliomchagua Livingstone Lusinde badala yake walikuwa wanachama wa kawaida wa CCM wa Mtera, kwa kuwa mwaka ule chama kiliwaruhusu wanachama wote, si wajumbe wa mkutano peke yao, kupiga kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kupata mgombea ubunge, katika matawi yao. Shangazi yangu kule Mvumi alikwenda tawini na kadi yake ameifunga kwenye pindo la khanga, akapanga foleni juani, na hadi leo hajamwambia hata mumewe alimpigia nani. Huyo naye alimdhalilisha mtu? Katika majimbo yetu, ambako mgombea wa CCM akishapitishwa, uchaguzi wa Oktoba huwa ni kukamilisha ratiba tu, siku ile ndiyo ilikuwa pekee ambayo mama wa aina yake angeweza kumwondoa mbunge aliyemchoka, hata kama mbunge huyo amewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Waziri Mkuu.

Kama ni kulia, basi tulie panapostahili. Mwaka 1995 jina la Malecela halikufika kwenye mkutano mkuu uliomteua Benjamin Mkapa kugombea urais. Mwaka 2005, akiwa Makamu Mwenyekiti wa chama upande wa Bara, aliachwa tena kabla wajumbe hawajakaa katika ukumbi wa Chimwaga hapa Dodoma, nyumbani kwake kabisa, kumteua Jakaya Kikwete. Mara zote mbili waliomkata ni wachache waliojifungia ndani, na hakuna mkulima wa mtama wala wa zabibu aliyeulizwa maoni yake. Hayo tunayaita busara za vikao, lakini wanachama wa matawini walipoulizwa na wakajibu, ghafla imekuwa fedheha.

Nakiri, shingo upande, kwamba kura za maoni za mwaka 2010 hazikuwa za malaika, maana malalamiko ya fedha yalisikika nchi nzima. Ule utani wa Tingatinga (jina la utani la Malecela) kugongwa na Kibajaji (la Lusinde) nao ulikolezwa kupita kiasi, ingawa sisemi kwamba sikucheka. Hata hivyo, mwenye jina kubwa kuliko wote jimboni hakuwa mnyonge wa kuonewa huruma.

Mwaka 2020 kura zilirudishwa kwa wajumbe, zikahesabiwa hadharani, kisha vikao vya juu vikawaacha baadhi ya walioongoza na kuwateua waliowafuata. Hao wanaomlilia Malecela sikuwasikia wakiwalilia wapiga kura hao.