Mkono wa Osaka, Mkono wa Atlanta

Nilikwenda ukweni kwa kaka yangu nikiwa na mikono miwili isiyojuana. Wa kushoto ulikuwa na kucha fupi za jeli, za rangi ya waridi iliyofifia, nadhifu kama za mhasibu. Wa kulia ulikuwa na kucha ndefu za akriliki, nyekundu, zilizochongwa umbo ambalo wenyewe wanaliita jeneza. Nisingependa mtu afikiri kwamba nilichagua hivyo.

Kaka huyo, ambaye kwa hesabu ya Wazungu ni binamu tu, alikuwa akienda kutambulishwa kwa wakwe zake Waganda, yaani watu wa Buganda, kule Mpigi, katika sherehe ya kwanjula, na sisi ukoo wa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, tukakusanyika Kampala siku mbili kabla. Miongoni mwetu walikuwamo dada wawili waliotoka ng'ambo. Mmoja anaishi Atlanta na tunamwita Mmarekani wetu. Mwingine amekaa Osaka miaka tisa na tunamwita Mjapani wetu. Hawa wawili hawakugombana juu ya siasa wala urithi. Waligombana juu ya kucha.

Mmarekani wetu alisema kwamba mwanamke asiye na akriliki amevaa nusu. Akatusimulia kuwa kucha hizo zilianzia kwenye meno: mwaka 1954, daktari wa meno mmoja wa Philadelphia alivunjika ukucha, akajitengenezea mwingine kwa vifaa vya kazini kwake. Akaendelea hadi mwaka 1975, wakati mwigizaji Tippi Hedren alipowatafutia wanawake wakimbizi kutoka Vietnam mafunzo ya utengenezaji wa kucha huko California, na kwamba tangu hapo Wavietnam ndio walioishika kazi hiyo, wakaishusha bei hadi mhudumu wa dukani naye akamudu. Mjapani wetu alisubiri amalize, kisha akanyoosha vidole vyake, ambavyo kila kimoja kilikuwa na ua dogo lisilozidi punje ya mchele, akasema kuwa Japani akriliki ipo, tena ina jina lake, sukarupu, lakini watu wengi wanapenda jeli kwa sababu ni nyepesi, haina harufu kali, na mtu anaweza kufanya kazi za ofisini bila kuonekana amebeba silaha.

Mimi ni mchuuzi wa vitenge. Kucha zangu zilikuwa hazijawahi kupata zaidi ya rangi ya wale vijana wanaozunguka sokoni na beseni lililojaa chupa, ambao hukupaka vidole vyote kumi ukiwa umekaa juu ya robota lako. Kwa hiyo niliposema asubuhi ya sherehe kwamba nitaweka jeli, nilisema kwa sababu Mjapani wetu ndiye aliyeniletea zawadi kubwa zaidi. Sioni sababu ya kuficha jambo hilo.

Tulifika saluni moja ndogo ya Wandegeya saa tatu asubuhi. Gari la kwenda Mpigi lilipangwa kuondoka saa sita kamili, na kwenye kwanjula hakuna mchezo na saa, kwani mkichelewa, msemaji wa upande wa bibi harusi huwatoza faini hata kabla hamjaketi. Fundi wa kucha aliposikia tunazungumza Kiswahili, ambacho kwa wengi Kampala ni lugha ya jeshi, aliniuliza kwa heshima kama mimi ni mwanajeshi. Nilimwambia kwamba ni babu yangu, si mimi, na akaonekana kutulia. Akapaka mkono wa kushoto tabaka ya kwanza, akauingiza kwenye taa yenye mwanga wa urujuanimno, akautoa, akapaka tena, akauingiza tena, na kila mara nilisikia joto la ghafla likifinya ukucha, kama mtu aliyegusa kikombe cha chai na kuondoa mkono. Kushoto kukakamilika. Akaupaka wa kulia. Nikauingiza kwenye taa, na umeme ukakatika.

Hapo nilijifunza jambo ambalo dada zangu hawakuwa wamelitaja katika mihadhara yao. Jeli haikauki. Rangi ya kawaida unaipulizia, unaipungia gazeti, nayo inakauka. Jeli hata ukiipulizia mpaka kesho itabaki kuwa uji, kwa sababu kinachoigandisha ni mwanga. Fundi alifikiri kidogo, kisha akaniambia nitoe mkono dirishani. Jua, alisema, lina mwanga uleule, ila linachukua muda mrefu zaidi. Nami nikautoa, vidole vimetandazwa, kiganja chini, juu ya barabara ya Wandegeya.

Anayeijua Kampala ameshaelewa. Kabla sijahesabu ishirini, bodaboda wa kwanza alisimama chini ya dirisha. Nikampungia aende zake, na kule kupunga kukawaita wengine wawili. "Nyabo, tugende!" Yaani, mama, twende! Nilijaribu kuwaeleza kwamba ninakausha kucha, lakini maneno hayo hayakumwingia hata mmoja, maana mtu anayesafiri ndiye anayetoa mkono. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe ni nani aliyefika kwanza. Mmoja alitaja bei. Wa pili akaipunguza. Wakati wingu lilipolifunika jua nilikuwa nimeshateremshiwa safari ya Ntinda hadi shilingi elfu tatu, nami sikuwa na haja ya kwenda Ntinda. Nilipourudisha mkono ndani, kucha zote tano zilikuwa na vumbi jekundu, na kwenye ukucha wa kidole gumba kulikuwa na mdudu mdogo mwenye mabawa, hai bado, akijutia uamuzi wake.

Mmarekani wetu, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa kimya kwenye kona, aliinuka kama wakili aliyesubiri zamu yake. "Akriliki haihitaji umeme," alisema. Na ilikuwa kweli. Fundi alifuta ule uji wote pamoja na mdudu, akabandika ncha za plastiki, akachovya brashi kwenye maji ya dawa kisha kwenye unga, likatokea tone dogo kama la uji mzito, akalitandaza juu ya ukucha, na baada ya dakika chache lilikuwa gumu lenyewe, bila taa wala jua. Harufu yake ilitujaza machozi. Ningeweza kuomba ziwe fupi ili zifanane na za kushoto, lakini anayelipa ndiye anayechagua, na aliyekuwa ameshika pochi hakuwa mimi. Nilimuuliza fundi kwa nini asitumie akriliki kwa wateja wote, aepukane na adha hiyo. Akajibu huku akipiga tupa: "Wengi wananiomba jeli, dada. Umeme ukiwepo mimi ni Mjapani. Ukikatika, mimi ni Mmarekani."

Umeme ulirudi tulipokuwa tunalipa. Ile taa iliwaka yenyewe juu ya meza, buluu, ikiangaza hewa tupu.

Huko Mpigi sisi wanawake wa upande wa bwana harusi tulikuwa tumevaa gomesi, gauni refu la sherehe, kila mmoja amebeba kikapu cha zawadi, na tulipaswa kupiga magoti na kuvikabidhi. Changu kilikuwa na sukari, sabuni na majani ya chai. Nilipiga magoti vizuri. Nilikinyanyua vizuri. Senga, yaani shangazi wa bibi harusi, alikishika akakivuta, nacho hakikwenda, kwa sababu ukucha wa kidole changu cha kati ulikuwa umepenya kwenye ukili na kuzama humo. Akavuta tena. Nikafuata. Akavuta kwa nguvu zaidi huku akiniangalia usoni, nami nikitabasamu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya, na kwa waliokaa chini ya mahema ilionekana wazi kwamba watu wa Arua wameleta kilo mbili za sukari na sasa roho zinawauma. Msemaji wao, ambaye kazi yake ni kutafuta makosa kama hayo, alishika kipaza sauti akauliza kama turudi siku nyingine tukiwa tayari kutoa. Tukatozwa faini ya shilingi elfu hamsini. Kaka yangu aliilipa bila kugeuka, na shingo yake pekee ilinitosha. Hatimaye kilichokatika ni ukili wa kikapu. Ukucha haukupata hata mchubuko, na Mmarekani wetu amelitaja jambo hilo kila siku tangu hapo.

Usiku ule niliamua kuziondoa. Fundi alikuwa ameniuzia chupa ya asetoni na kunielekeza niloweke vidole kwa muda wa nusu saa, lakini hakunieleza niviloweke ndani ya nini. Mimi nikachukua sahani nyeupe nyepesi, zile tunazofungiwa chipsi, nikamimina. Sahani iliyeyuka mbele ya macho yangu. Ilitoboka katikati kama barafu iliyowekewa makaa, asetoni ikamwagika mezani na kushuka sakafuni kuelekea kwenye sigiri ambayo mama mdogo alikuwa anachemshia maziwa. Mama mdogo ni muuguzi mstaafu. Alinusa mara moja tu, akainyanyua sigiri pamoja na maziwa yake, akatoka nayo mpaka uani, kisha akarudi kunieleza, kwa Kiswahili cha kambini ambacho siwezi kukiandika hapa, jinsi asetoni inavyoshika moto.

Nikapanda basi la Arua na kucha zangu kama zilivyokuwa. Shangazi alinipokea stendi, akainua mikono yangu yote miwili, akaigeuza, akaitazama mmoja baada ya mwingine kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akaniuliza, "mbona huu umeolewa na huu bado?"