Fungu la mama na fungu la mtoto ni mafungu mawili

Huku Ontario, Kanada, ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee, watu wakiachana hesabu hupigwa mara mbili. Ya kwanza ni ya mtoto. Tangu 1997 kuna majedwali ya serikali: kipato cha mzazi anayelipa, idadi ya watoto, mkoa, basi kiasi kinajulikana. Ndipo linakuja swali la pili, kama mke au mume naye anastahili kulipwa kwa ajili yake mwenyewe. Jibu si lazima liwe ndiyo. Wanatazama ndoa ilidumu muda gani, nani aliacha kazi ili alee, nani amebaki na kipato. Mwongozo wa 2008 kuhusu malipo haya ya mke au mume si sheria, ila majaji wanautumia sana: malipo ya nusu mwaka hadi mwaka mzima kwa kila mwaka wa ndoa, na ndoa ikifika miaka 20 hayawekewi tarehe ya mwisho.

Pesa isipotosha, mtoto anatangulia na mama anapunguziwa au anakosa kabisa. Lakini Sheria ya Talaka ya Kanada inamtaka jaji aandike kwamba mama amekosa kwa sababu hiyo, ili siku malipo ya mtoto yakiisha aweze kurudi kudai lake. Kipengele hiki ndicho kilichonisukuma kuandika.

Kwetu Mbeya mambo yanakwendaje? Dada analima viazi na mumewe kule Uyole, wanajenga, wananunua pikipiki ya biashara, kisha mume anahamia Mafinga kwa mwanamke mwingine. Kinachoingia kwenye simu kinaitwa hela ya matumizi ya watoto, na akikasirika haingii. Dada akiuliza chake yeye, anaambiwa anatafuta mtaji kwa mgongo wa watoto. Wazee wakikalishwa wanasema watoto waende kwa bibi Tukuyu, hawatalala njaa. Ni kweli hawatalala njaa, ndizi zipo na maziwa yapo. Kwa hilo tumewazidi hawa wa huku. Nimefanya kazi na akina mama walioachwa, hawana hata wa kuwashikia mtoto waende zamu. Ila sahani ya bibi imegeuka kichaka cha baba kujifichia, na hili linaniuma sana.

Tusiseme sheria hatuna. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaweka matunzo ya mke kifungu cha 115 na matunzo ya watoto kifungu cha 129, mbalimbali kabisa. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed la 1983, ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Walioishi pamoja miaka miwili bila cheti wanaweza kuhesabiwa ni wanandoa, wakati Ontario, kama hawana mtoto, inataka mitatu ndipo mmoja adai matunzo. Na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, hata ndugu au afisa ustawi wa jamii anaweza kupeleka ombi la matunzo ya mtoto mahakamani.

Tunachokosa ni mkono wa kukusanya. Huku kuna ofisi ya mkoa inayopokea amri ya mahakama, mwajiri anakata kwenye mshahara, na mkaidi anaweza kufungiwa leseni ya udereva. Najua mkulima wa viazi hana mwajiri wa kumkata. Lakini mavuno anayo, na mnunuzi anamlipa. Amri ikitaja msimu wa mavuno badala ya tarehe ya mwezi, nani atasema haiwezekani?

Kwa hiyo dada zangu, mkifika kwenye baraza la usuluhishi au kwa afisa ustawi, msikubali iandikwe "matumizi" kwa jumla. Ombeni mistari miwili, wa mtoto na wa mama. Mkiolewa tena, matunzo yenu kutoka kwa mume wa zamani yanakoma kisheria. Ya mtoto hayakomi. Nimeshawasikia akina baba wengi wakikata yote siku wanaposikia mama kaposwa, na hakuna anayewauliza, kwa sababu karatasi ilikuwa na mstari mmoja tu.