Shahada Inapofika Mtaani

Mhitimu aliyekaa mwaka mzima mtaani akituma wasifu bila kujibiwa ana haki ya kuuliza shahada yake ina faida gani. Ila humo mna maswali mawili: chuo kilimfundisha nini, na karatasi aliyotunukiwa inamwambia nini mwajiri.

Wachumi wamebishana sana juu ya hilo. Gary Becker, mwaka 1964, aliichambua elimu kama mtaji: unasoma, unapata ujuzi, unazalisha zaidi, unalipwa zaidi. Mwaka 1973 Michael Spence akaja na hoja chungu kidogo. Mwajiri hamjui mwombaji, kwa hiyo shahada inaweza kuwa ishara tu kwamba huyu ana uwezo na anamaliza anachoanza, hata kama aliyoyasoma hayatamfaa kazini. Tafiti za mishahara zinampa nguvu: mara nyingi mwaka wa kutunukiwa huongeza kipato kuliko mwaka wowote uliotangulia. Sidhani kama kuna muhula wa mwisho wenye elimu nzito kiasi hicho.

Basi kama ni ishara, kwa nini tuilipie kwa miaka mingi, tena kwa mkopo? Wanaouliza hivyo hupenda kumtaja Mark Zuckerberg, mwanzilishi mwenza wa Facebook, aliyeacha chuo. Wanasahau kwamba aliacha Harvard, chuo kigumu mno kuingia, na kupokelewa Harvard peke yake ni ishara tosha.

Wana hoja nzuri zaidi ya hiyo. Kampuni za teknolojia za Google na IBM zimeondoa sharti la shahada kwenye nafasi nyingi, na Machi 2022 jimbo la Maryland, Marekani, likafanya hivyo kwa maelfu ya kazi za serikali yake. Lakini utafiti wa Harvard Business School na Burning Glass Institute, uliotolewa 2024, ulikuta kwamba mabadiliko ya namna hiyo yalimfungulia mlango chini ya mtu mmoja katika kila 700 walioajiriwa Marekani mwaka uliotangulia. Tangazo limebadilika, anayechuja maombi ni yuleyule.

Udaktari na fani nyingine ambazo sheria inadai shahada niziweke kando. Kwingineko naegemea kwa Spence, na ndiyo maana simshauri mtu aidharau karatasi. Jaza fomu ya kazi mtandaoni: jina, simu, kisha kisanduku cha kiwango cha elimu. Ukichagua kilicho chini ya shahada, mfumo unakushukuru na kukuaga kabla hujafika mahali pa kueleza unachokiweza. Mwenye shahada anavuka hapo, halafu anakuta wenzake wote waliovuka wanayo. Usaili unaanza upya, na sasa anaulizwa amewahi kufanya nini.

Lawama yangu kubwa ni kwa vyuo. Matangazo yao yamejaa majengo na majina ya kozi. Wangeweka, kwa kila kozi, wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wanafanya kazi gani leo, na wangapi bado wanatafuta, ili anayeomba kujiunga ayaone kabla hajalipa ada.