Tuanze na watu wa miguu

Kuna mtu katurushia kwenye grupu la familia ile klipu ya usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2025, pale daraja la mto Danube kati ya Ruse na Giurgiu, maofisa wa Bulgaria na Romania wananyanyua kizuizi, na kuanzia hapo magari yanapita bila mtu kuulizwa pasi. Shangazi akaandika "na sisi lini?" Hakuna aliyemjibu. Swali lile limenikaa rohoni ndo maana naandika.

Tusidhani wenzetu waliamka siku moja wakafunguliana. Makubaliano ya Schengen, yale ya kufuta ukaguzi kwenye mipaka kati yao, yalisainiwa 1985 na nchi tano tu. Bulgaria na Romania wameingia Umoja wa Ulaya 2007, toka 2011 wanaambiwa vigezo mmetimiza, na bado wakasubirishwa, Austria ikakaza hadi Desemba 2024 ndo ikaachia. Na angalia walivyoanza: Machi 2024 waliruhusiwa wa ndege na meli, wa barabarani wakawekwa mwisho. Yaani dereva wa lori na kibarua anayepanda basi ndo wa mwisho kufikiriwa. Hapo nikatuona sisi kabisa.

Maana huku kwetu ukisema mpaka, kila mtu anawaza malori. Oktoba 2019 rais wetu wa wakati huo Magufuli na mwenzake wa Zambia, Lungu, walifungua kile kituo cha pamoja Tunduma kwetu na Nakonde kwao ili mzigo ukaguliwe sehemu moja badala ya mbili, na mimi nilishangilia, nani asiyeijua foleni ya Tunduma, madereva wanapika ugali chini ya tela na kufua nguo wakazianika kwenye kamba za turubai. Sawa, wapunguziwe mateso. Ila kontena lina wakala wa kulisemea, mama anayevuka na ungo wa dagaa kichwani anasemewa na nani?

Nenda Kyela uone. Mto Songwe ndo mpaka wetu na Malawi, Waingereza na Wajerumani walipatana hivyo 1890 bila kumuuliza mtu yeyote wa pale. Na mto wenyewe hautulii, mvua zikikolea bondeni unakata kona mpya, mtu anaamka shamba lake la mpunga liko ng'ambo. Wanyakyusa huku, Wangonde kule, wanasalimiana wanaelewana, wameoana toka enzi za mababu. Tunduma ndo usiseme, Wanamwanga wako pande zote mbili, unanunua sukari Zambia unarudi kupika Tanzania.

Mama yangu mdogo alifiwa na dada yake wa kuzaliwa, aliyekuwa ameolewa ng'ambo. Akafunga kanga yake, akabeba unga na maharage ya msibani, akaenda mpakani mchana kweupe kama mtu asiye na la kuficha. Akaambiwa hati ya kusafiria iko wapi. Hana. Akatoa kitambulisho cha taifa, kikageuzwa geuzwa akarudishiwa, nenda kapige picha, ujaze fomu, uje na barua ya mtendaji. "Mwanangu, tunazika saa nane," akamwambia yule kijana. Saa nane ilimkuta kwenye foleni ya kupiga picha. Hajamzika dada yake, na mpaka leo ukimtajia hilo ananyamaza. Na wenzake waliopita vipenyo, wakavuka mto maji ya magoti, walizika vizuri tu!

Hiyo ndo hoja yangu yote. Mpaka wa namna hii unamzuia aliyekuja kwa adabu, na mwenye nia mbaya anajua njia za panya usiku. Najua kuna biashara ya kusafirisha watu, wale vijana wa Ethiopia wanaopitishwa Mbeya kuelekea kusini wanakamatwa kila mara, na sitaki polisi walale. Lakini hao hawapiti getini na kitambulisho cha taifa. Ulaya nao hawakuacha wazi wazi, wana mfumo mmoja wa taarifa ambao polisi wa nchi zote wanausoma, na Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi mipaka yake yote ya nchi kavu. Inawezekana kufungua na bado ukawa macho.

Tena siombi Schengen. Kenya, Uganda na Rwanda toka 2014 raia wao wanatembeleana kwa kitambulisho tu. Sisi kwenye nchi nyingi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, hatudaiwi visa, ni kweli, ila pasi inadaiwa, na ile itifaki ya watu kutembea huru imesainiwa 2005 haijaanza kazi hadi leo. Ya Umoja wa Afrika ya 2018 inangoja nchi 15 ziridhie.

Na tukigombana ndo balaa. Mwaka 2025 Malawi ilizuia mchele wetu na ndizi, Aprili na sisi tukazuia mazao yao, baadaye viongozi wakakaa wakayamaliza. Hizo siku katikati aliumia nani? Mkulima wa Tukuyu, ndizi ikishakatwa mgombani haisubiri kikao.

Waheshimiwa wabunge wa Kyela, Ileje, Momba na Tunduma, bajeti ya Mambo ya Ndani ikifika bungeni simameni muulize hili moja: mkazi wa wilaya ya mpakani avuke kwa kitambulisho cha taifa, aandikwe jina, apite, na wa ng'ambo naye hivyo hivyo. Mashine za kusoma kadi zipo, kadi tunazo. Na kwa mwenye msiba ianze hata kesho.