Kusafishwa Meno Kila Miezi Sita: Nani Anahitaji Kweli?

Tumezoea kuambiwa twende kusafishwa meno kila baada ya miezi sita, uwe na tatizo au usiwe nalo. Watafiti walipoipima kanuni hiyo, ilipwaya. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyojumuisha tafiti mbili zenye watu wazima 1,711, yalihusu watu wasio na ugonjwa mkali wa fizi na ambao tayari wana mazoea ya kwenda kliniki. Kwao, kukwanguliwa ugaga (uchafu uliogandamana na meno) na kung'arishwa meno kwa ratiba hakukuleta tofauti ya maana katika uvimbe wa fizi ndani ya miaka miwili hadi mitatu. Ugaga ulipungua kidogo tu.

Anayebana matumizi atauliza: kwa nini basi nilipie? Swali lake ni la haki. Ila aangalie vizuri waliopimwa ni akina nani. Matokeo hayo hayamhusu mtu ambaye hajafunguliwa kinywa na mtaalamu kwa miaka kumi.

Ukoga laini unaobaki kwenye meno hunyonya madini yaliyomo kwenye mate, na ndani ya siku chache huanza kuwa ugaga mgumu. Hapo mswaki hauuondoi tena, hata ukisugua mpaka fizi zichubuke. Ukishajijenga chini ya ukingo wa fizi, bakteria hupata maficho, na mfupa unaoshika jino huweza kulika polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote. Mvuta sigara ndiye anayedanganyika zaidi: tumbaku hupunguza kuvuja damu kwa fizi, naye akajiona mzima.

Ndiyo maana mimi naithamini zaidi dakika ile ya kupima kuliko ya kung'arisha. Mtaalamu hupitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi, huku akitaja namba: mbili, tatu, mbili, tano. Mpaka tatu, kwa kawaida hakuna shida. Kuanzia nne, hasa damu ikitoka, kuna jambo la kufuatilia. Hiyo tano huwezi kuiona kwenye kioo cha nyumbani.

Upande wa wanaotetea mahudhurio una ushahidi wake pia. Huko Karlstad, Sweden, watafiti Axelsson na Lindhe walianza miaka ya 1970 kufuatilia watu waliosafishwa na kufundishwa kujitunza, na baada ya miaka 30 meno yaliyopotea yalikuwa machache sana. Kasoro ni kwamba kundi la kulinganishwa nalo halikuendelea mpaka mwisho, kwa hiyo hatuwezi kusifu usafishaji peke yake.

Naona mwongozo wa mwaka 2004 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ndio wenye busara: mtu mzima apangiwe uchunguzi kati ya miezi 3 na 24, kulingana na hali yake. Aliyewahi kutibiwa ugonjwa mkali wa fizi, mwenye kisukari kisichodhibitiwa au mvuta sigara asikubali kuachwa mwaka mzima. Mwenye fizi imara, anayepiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi na kusafisha katikati ya meno, anaweza kuongeza muda kati ya ziara bila hofu, mradi uamuzi huo utokane na vipimo. Omba namba zako ziandikwe, na ziara inayofuata zilinganishwe jino kwa jino.