Muuza sarafu hakunidanganya hata neno moja, na bado nimepigwa

Jamani naomba kuuliza, hivi mtu anaweza kukupiga bila kusema uongo hata mmoja? Maana mi wiki nzima narudia kichwani maongezi yangu na yule mzee muuza sarafu, natafuta uongo uko wapi, nageuza huku nageuza kule, uongo hamna. Mzee wa watu kasema kweli tupu mwanzo mpaka mwisho, na mi nimetoka pale nimeingizwa mjini kweupe, tena nikiwa natabasamu.

Iko hivi. Mwenzenu nakusanya sarafu za zamani, sio mtaalamu, ni ule ugonjwa tu unaoanza na kasarafu kamoja umekakuta kwenye droo, mara unajikuta una lenzi, una mizani ya gramu, una glovu nyeupe kama unaenda kupokea rais. Mama watoto alishasema toka mwanzo, "yaani unachukua pesa inayonunua vitu unanunua pesa isiyonunua kitu." Nikamwambia hawezi kuelewa mambo ya historia. Naomba hiyo sentensi yangu tuisahau.

Na msidhani nilienda kichwa kichwa, mi nilishawahi kupigwa kabla nikapata akili. Nilishauziwa senti ya Marekani ya 1943, ya shaba. Ukisikia 1943 ya shaba wakusanyaji wote wanasimama, kwa sababu mwaka huo shaba ilikuwa inakwenda vitani, senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, zikaponyoka chache tu za shaba kwa bahati mbaya, na hizo chache ndo watu wanazililia. Basi wajanja wanafanyaje, wanachukua ile ya chuma wanaipaka shaba juu. Yangu nililala nayo chini ya mto siku tatu nzima, siku ya nne mtoto akapita na sumaku yake ya kuchezea, senti ikaruka ikamng'ang'ania kama imemwona mama yake. Toka siku hiyo natembea na sumaku mfukoni na najiona profesa.

Kwa hiyo siku ya tukio naingia kwa mzee nikiwa na sumaku, mizani, na kiburi. Mzee mtaratibu, miwani puani, lenzi inaning'inia shingoni kama daktari, anaongea polepole mpaka unaona aibu kumharakisha. Nikaona sarafu kubwa nyeupe ya fedha, upana kama sentimita nne, upande mmoja mama mnene amejitanda ushungi, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, na mwisho wa maandishi pale juu kabisa, 1780. Mapigo ya moyo yakabadilika.

Nikajikaza, "Mzee, hii ni ya 1780 kweli?"

Akaichukua, akaigeuza, akaniangalia kwa juu ya miwani. "Kijana wangu, wewe mwenyewe si unaona kilichoandikwa?"

Nikaona. Limeandikwa kabisa.

"Na hii ni fedha au rangi tu?"

"Ni fedha. Pima."

Nikatoa mizani yangu, gramu 28 na kidogo, barabara. Nikatoa sumaku, nikaipitisha juu, nikaipitisha chini, sarafu haina habari nayo. Mzee hata hakunizuia, ananiangalia tu kama mtu anayemtazama mtoto akivaa viatu mwenyewe.

"Ziko nyingi hizi?"

"Mimi hapa ninayo moja tu."

Moja tu jamani! We ungefanyaje? Nikalipa nikaondoka haraka haraka asije akabadili mawazo, njiani nasikia hadi huruma, nasema maskini mzee wa watu hajui alichokuwa nacho. (Hebu niishie hapa kidogo niwaambie, ukitoka kwa muuzaji unajihisi wewe ndo umemwibia, geuka, rudi, muulize swali jingine.)

Nyumbani nikaanza kusoma. Usiku wa kwanza nafurahi, usiku wa pili kimya, usiku wa tatu mama watoto ananiuliza mbona hulali, nasema joto.

Kumbe yule mama wa ushungi ni Maria Theresa wa Austria na ile ni riale yake. Mama kafariki Novemba 1780, Mungu ampumzishe. Sasa kule Uarabuni na Uhabeshi watu walishaizoea sura yake, ukileta sarafu ya mtu mwingine hawaitaki, wanamtaka yuleyule mama na mwaka uleule. Basi wakaendelea kuitengeneza na 1780 yake bila kubadili. Na sio Vienna peke yake, mpaka Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham, Bombay! Mwaka 1935 Waitaliano wakapata haki ya kuzitengeneza kwa sababu walikuwa wanajiandaa kuivamia Uhabeshi na kule pesa ndo hiyo, Waingereza kuona hivyo mwaka uliofuata na wao wakaanza za kwao. Mamilioni kwa mamilioni, zote 1780. Vienna mpaka leo wanatengeneza. Yaani bibi wa watu kafa karne mbili na zaidi zilizopita na bado yuko kazini, hajapewa hata likizo.

Nikachukua lenzi, maana wajuzi wanatofautisha kwa kuhesabu lulu kwenye kibanio cha bibi na manyoya ya mkia wa tai. Mtu mzima niko mezani saa saba za usiku nahesabu manyoya ya ndege wa vichwa viwili. Ukihesabu nane mara ya pili yanakuwa tisa. Ila hata bila kuhesabu ukweli unajionyesha wenyewe, sarafu iko kali, kona zote zimesimama, haijapita mikono hata kumi. Ni mtoto wa juzi huyu. Nadhani mjomba wangu mdogo anaizidi umri.

Na kinachouma zaidi, pembeni, kwenye ule ukingo, kuna maandishi ya Kilatini, Iustitia et Clementia, maana yake Haki na Huruma. Ndo ilikuwa kauli ya bibi. Nimeishika ile sarafu mkononi nasema bibi, kati ya hizo mbili mi sijapata hata moja.

Nikarudi kwa mzee. Njia nzima napanga maneno makali, nikifika nampiga moja mbili tatu, nadai changu. Nikafika.

"Mzee, hii haikutengenezwa 1780."

"Kwani mimi nilikwambia ilitengenezwa 1780?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikaufungua tena. "Ulisema nione kilichoandikwa!"

"Na kimeandikwa nini?"

"...1780."

"Sasa?"

"Na ulisema unayo moja tu!"

"Siku ile nilikuwa nayo moja tu. Hizi nne zimekuja jana." Na kweli ziko nne, zimepangwa kwenye kitambaa chekundu, mabibi wanne wa ushungi wananikodolea macho.

Basi nikashuka, nikasema nirudishie tu hela mzee wangu. Akasema kurudisha hela hairudishwi, ila yeye kazi yake ni kununua na kuuza, nikitaka kuuza ananunua. Sasa hapa ndo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hakuna kiumbe kinachougua haraka kama sarafu ikivuka meza ya muuzaji. Ikiwa upande wake ni nzima, ni nzuri, ina historia. Ikija upande wangu, ikarudi wiki moja baadaye, akaiweka kwenye lenzi, akaanza kuguna. Mmh. Mmmh. Nikamwuliza ina nini? "Umeisafisha?"

Niwe mkweli, niliisafisha. Ilikuwa na kama ukungu wa rangirangi pembeni nikasema sarafu ya heshima hivi haiwezi kukaa chafu, nikaisugua kwa dawa ya meno. Ikang'aa! Kumbe huo ukungu ndo wanaoupenda, ndo ngozi yake ya uzee, na dawa ya meno imeacha mikwaruzo midogo midogo ambayo kwa lenzi inaonekana kama uwanja umelimwa na trekta. Mzee akaishusha taratibu kama daktari anayetoka nje kuongea na ndugu wa mgonjwa. "Sasa hii itabidi niichukue kwa uzito." Na uzito wenyewe sio ule wa mizani yangu, kwa sababu kwenye sehemu 1000 fedha ni 833 tu, iliyobaki shaba, kwa hiyo kwenye gramu zangu 28 fedha yenyewe ni gramu 23 na kitu. Wiki iliyopita nilinunua historia, leo nauza gramu.

Nikabeba bibi yangu nikaondoka.

Halafu nikiwa na hasira zangu nikasoma kitu kikaniongezea presha. Kuna dola ya fedha ya Marekani imeandikwa 1804. Mnajua ilitengenezwa lini? Miaka ya 1834 na 1835! Walikuwa wanataka zawadi za kuwapelekea wafalme wa mbali, seti moja akapewa Sayyid Said bin Sultan wa Maskati, huyohuyo aliyehamia Zanzibar, na nyingine zikatengenezwa baadaye zaidi kimya kimya. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa ni uongo, na walioandika ni serikali yenyewe. Zinajulikana chache tu duniani, na ile inayosemekana ndo ya sultani mwaka 1999 iliuzwa zaidi ya dola milioni nne. Wanaiita mfalme wa sarafu za Marekani. Sasa naomba mnieleweshe. Yao imeandikwa mwaka ambao haikuzaliwa, mfalme. Yangu imeandikwa mwaka ambao haikuzaliwa, gramu 23.

Kuna jamaa yangu mjuaji akasema kosa langu ni kununua sarafu iliyo uchi, ningenunua zile zilizofungwa kwenye plastiki zikapewa maksi na kampuni, wale PCGS wa toka 1986 au NGC wa 1987. Sawa, nikaangalia. Maksi zinaanza 1 mpaka 70. Kwa nini 70 na sio 100 kama shuleni? Kwa sababu mwaka 1949 bwana mmoja, William Sheldon, alipiga hesabu kwamba senti kubwa ya zamani iliyo safi kabisa ina thamani mara 70 ya ile iliyochakaa kabisa, senti zikabadilika bei, 70 ikabaki. Halafu kuanzia 60 mpaka 70 zote ni sarafu ambazo hazijawahi kutumika. Madaraja 11 ya kitu ambacho hakijatumika! Kati ya 64 na 65 mimi kwa macho yangu na lenzi yangu sioni tofauti yoyote, ila bei inaiona vizuri sana. Na hizo plastiki zenyewe nazo siku hizi zinaghushiwa, wananakili mpaka namba, inabidi uingie kwenye tovuti ya kampuni uangalie namba ile kisha ulinganishe picha na sarafu uliyonayo mkononi. Nimechoka kabla sijanunua.

Jamaa akasema basi nunua zilizochakaa, uchakavu haudanganyi. Haudanganyi? Kulikuwa na Mjerumani anaitwa Becker, alikufa 1830, kazi yake kutengeneza sarafu za Kigiriki na Kirumi za uongo, na zikiwa mpya mpya anazitia kwenye boksi lenye unga wa chuma, analifunga chini ya gari lake la farasi, anazunguka nalo barabara za mashimo mpaka zizeeke. Anasema anawatembeza wazee wake. Mtu anaenda matembezini jioni anarudi na sarafu za miaka 2000.

Nisiwe mwongo, wauzaji waaminifu wapo. Nilienda kwa mwingine nikamwonyesha ile ile, hata sijamaliza salamu akasema, "Hii chapa ya baadaye, usiinunue zaidi ya fedha iliyomo, na ukiinunua popote dai risiti iandikwe hivyo hivyo, chapa ya baadaye, na siku za kurudisha." Bure, hakutaka hata senti. Huyo nilimchukia kuliko yule wa kwanza. Alikuwa wapi siku zote?

Basi sarafu iko nyumbani, nimeiweka kwenye kabati la vioo sebuleni ili angalau ifanye kazi. Juzi kaja shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, kijana ana pesa kidogo siku hizi na anazitafutia pa kwenda. Akasimama pale kwenye kabati muda mrefu, akainama.

"Shem, hii ni ya 1780 kweli?"

Naapa sikupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe, na sauti ikatoka polepole, tena nzito kuliko ya kwangu ya kila siku.

"Shem, wewe mwenyewe si unaona kilichoandikwa?"

Jikoni nikasikia mama watoto anakohoa, kile kikohozi ambacho sio cha mafua. Shemeji hajasikia, macho yake yako kwa bibi.

"Fedha kabisa?"

"Ngoja nikupe mizani."

Akapima, akashtuka na gramu zake 28, nikampa na sumaku acheze nayo. Halafu akaniuliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, hizi ziko nyingi?

Nikavua miwani, nikaifuta vizuri kwa shati, nikairudisha puani.

"Mimi hapa ninayo moja tu."