Faili la meza ya jirani halihitaji bando

Kompyuta mbili zikae meza moja, ziungwe kwenye ruta ileile, halafu faili litoke hapa kwenda pale kwa WhatsApp! Hapa Mwanza tunafanya hivyo kila siku, na mimi naona tunajiibia wenyewe. Pita steshenari za Malimbe na Nyegezi msimu wa kukabidhi tafiti uone. Kazi ya mwanafunzi inapanda hadi seva zilizo nje ya nchi ndipo ishuke kwa dada anayeprinti hatua mbili tu kutoka aliposimama, na bando la wote wawili limeliwa. Asiye na bando anachomeka flashi, ileile iliyotoka kuchomekwa kwingine, na kile kirusi kinachogeuza folda zote kuwa shotikati kinaingia nayo.

Ukiuliza kwa nini hawaungi folda ya pamoja, jibu ni lilelile: "Kompyuta zetu hazielewani, hii Windows, ile Mac, ya mhasibu ina Ubuntu." Jamani, zinaelewana tangu zamani. Windows hushirikisha folda kwa itifaki, yaani lugha ya mashine kuongea zenyewe kwa zenyewe, iitwayo SMB. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Andrew Tridgell, akiwa mwanafunzi Canberra, Australia, alichunguza mawasiliano ya mashine mtandaoni hadi akaandika programu yake ya kushirikisha mafaili. Ndiyo iliyokuja kuwa Samba, ya bure, na ndiyo inayoiwezesha Linux, ambayo Ubuntu ni mojawapo ya aina zake, kuongea na Windows. Apple nao mwaka 2013 waliifanya SMB2, toleo la pili la itifaki hiyo, kuwa njia ya kawaida ya Mac. Hata mahakamani suala hili lilifika: Tume ya Ulaya iliiamuru Microsoft mwaka 2004 itoe maelezo ya itifaki zake ili programu za wengine zielewane na Windows, Microsoft ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2007. Watu wamelipigania jambo hili, sisi tunaliacha bure.

Chukua studio ndogo ya picha na kadi za harusi pale Kirumba. Mbunifu yuko kwenye Mac, mashine ya kuprinti ni ya Windows. Kwenye Windows unabofya folda kitufe cha kulia, unaingia Properties, kisha Sharing, unachagua nani aruhusiwe. Kwenye Mac, ukiwa Finder, dirisha lake la mafaili, unafungua menyu ya Go, kisha Connect to Server, unaandika smb://192.168.1.10, au anwani yoyote iliyo nayo mashine ile. Folda hiyo hapo. Ubuntu nayo inapokea anwani hiyohiyo kwenye dirisha la mafaili. Intaneti ikikatika, maadamu ruta ina umeme, kazi inaendelea. Hakikisha tu ruta inaipa mashine ile anwani isiyobadilika, la sivyo kesho watu wataitafuta folda wasiione.

Jambo moja silegezi kamba. Windows mpya ikikataa kufungua folda isiyo na nenosiri, wengi wanakimbilia kuwasha SMB1, toleo la zamani la itifaki ile, kwa kuwa waliona video inayoelekeza hivyo. Usiiwashe. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la SMB1 hiyohiyo, kikafunga mafaili ya watu duniani kote na kukwamisha hospitali za Uingereza, ilhali Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu Machi. Fungua akaunti yenye nenosiri kwa kila mfanyakazi, na Wi-Fi ya wateja iwe mbali na ya ofisi. Mteja anayesubiri kadi zake hana sababu ya kuziona picha za harusi ya mwenzake.

Majina ya mafaili nayo yaangaliwe. Windows haikubali nukta mbili (:) wala alama ya kuuliza (?) kwenye jina, na kwa Linux "Ripoti" na "ripoti" ni mafaili mawili.

Ombi langu ni kwa mafundi wanaofunga ruta kuanzia Igoma hadi Buzuruga: mkimaliza kumwekea mteja intaneti, msiondoke kabla hamjamuundia na folda ya pamoja. Mchajini hiyo kazi, na mfanyakazi mmoja wa pale aifungue mwenyewe mkiwa bado mpo.